Shoka la Kuazima na Sahihi ya Fundi

Maandiko: 2 Wafalme 6:1-7; Zaburi 15; Luka 17:11-19; 2 Wakorintho 8:16-21

Mliokuwa ibada ya pili mnajua mvua ilipiga mabati Jumapili mpaka sauti yangu ikapotea kabisa. Mchungaji Mkuu ameniomba niyaandike mahubiri yote, pamoja na yale ambayo mvua ilinyakua. Kwa hivyo fungua Biblia yako, soma polepole, na kama uko kwa matatu angalia usipitishwe stegi yako.

Tuanze Yordani. Wana wa manabii wamebanwa, nafasi ni ndogo, wanataka kujenga. Elisha anakubali kwenda nao kukata miti. Mmoja wao anapiga mti na chuma cha shoka kinachomoka, kinatumbukia majini. Anapiga kelele, na ukisoma vizuri utaona kinachomuumiza zaidi ni kwamba shoka lile aliliazima. Elisha hamkemei. Anataka tu kuonyeshwa mahali kilipoangukia. Kijana anaonyesha, na muujiza unafanyika, chuma kinaelea.

Tumehubiri sana hapa kuhusu chuma kuelea. Mimi leo nabaki na yule kijana dakika moja kabla ya muujiza. Fikiria angenyamaza. Watu ni wengi, kila mtu ana mti wake, mashoka yanalia kila upande. Angeweza kuendelea kupiga ule mti kwa mpini mtupu, ta, ta, ta, na jioni arudi na wenzake akisema leo tumechoka. Nani angejua? Si tunawajua watu wa kupiga mti kwa mpini? Wako maofisini kwetu. Wako serikalini. Wengine wako kwaya. (Msigeuke kuangalia kwaya.)

Kilichonifanya nione hadithi hii kwa jicho lingine ni baba yangu. Wengi wenu mnamfahamu, ni yule mzee wa kofia ya kijivu anayekaa karibu na mlango. Ukitaka kuongea naye kaa upande wake wa kushoto, kwa sababu sikio la kulia lilibaki Nanyuki. Baba alikuwa fundi wa ndege za kivita. Alijiunga na jeshi la wanahewa mwaka 1984, wakati kikosi kizima kilikuwa kimeundwa upya baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982. Hata jina lilikuwa limebadilishwa, kikaitwa Kikosi cha Wanahewa cha 82, na jina la Jeshi la Wanahewa la Kenya halikurudi mpaka 1994. Waliojiunga miaka hiyo walijua wanaangaliwa. Baba husema kwamba siku hizo neno la mtu halikutosha, ilibidi kila kitu kiandikwe na kuwekwa sahihi.

Ndege zenyewe ni F-5 za Marekani, ambazo Kenya ilianza kupokea mwaka 1978, ule mwaka Mzee Kenyatta alifariki. Kama umewahi kwenda uwanjani siku ya sherehe za kitaifa unazijua. Unasikia mshindo, unainua macho, na wakati umeinua tayari imepita, watoto wanalia na wamama wanashika vilemba. Ni ndege ndogo, nyembamba kama mkuki, yenye injini mbili. Ukisimama kando yake utashangaa. Lakini ukiuliza baba yangu kuhusu mwendo wake atakuambia hajui, yeye hakuwahi kuiendesha. Yeye anajua tumbo lake.

Nikiwa mtoto kule kwota za Nanyuki nilidhani baba ndiye mwenye ndege. Alikuwa akisema "ndege yangu" kama vile mama alivyosema "jiko langu". Baadaye ndio nilielewa. Fundi wa laini anapewa ndege aitunze, na rubani akija anaikuta tayari. Rubani anaiazima kwa saa moja hivi, halafu anairudisha na malalamiko.

Acha nikusimulie asubuhi moja ilivyokuwa, kwa sababu mzee akianza hadithi hii hakuna mtu hukatiza.

Saa kumi na mbili, baridi ya Mlima Kenya bado iko kwa mifupa. Kabla mtu hajagusa ndege, wanaume wanapanga mstari bega kwa bega, maofisa na wadogo wao pamoja, na wanatembea polepole juu ya lami wakiangalia chini. Wanaokota. Kijiwe, kipande cha waya, nati, kifuniko cha kalamu. Sababu ni kwamba injini ya ndege ya kivita inavuta hewa kwa nguvu za ajabu, na kinachokuwa chini kinaweza kuvutwa na hewa hiyo. Ndani kuna visu vyembamba vinavyozunguka zaidi ya mara 16,000 kwa dakika. Kijiwe kidogo kama punje ya mahindi kikiingia pale kinaharibu injini nzima. Mtume Paulo anajua habari hii, anaposema na Wagalatia kuhusu chachu kidogo na donge zima. Baba anasema kuna meja mmoja alikuwa anaokota kuliko kuruti yeyote, na hakuna aliyemcheka.

Halafu vifaa. Sanduku la spana na bisibisi halikuwa sanduku la kutupa tu vitu ndani. Kila kifaa kilikuwa na mahali pake palipochorwa umbo lake, spana namba 10 ina kitanda chake, bisibisi ina kitanda chake. Unahesabu kabla ya kuanza, unahesabu ukimaliza. Ukikuta kitanda kimoja kitupu, ndege hiyo hairuki. Haijalishi nani anasubiri. Bisibisi iliyosahaulika ndani ya ndege inaweza kuteleza na kukwama kati ya nyaya za usukani, na rubani akivuta, usukani hauji. Kwa hivyo fundi aliyepoteza bisibisi alitakiwa kusema palepale. Kazi yote inasimama, watu wote wanatafuta.

Sasa umeona kwa nini namuona baba yangu kule Yordani? Swali la Elisha ni swali la hanga: kilianguka wapi? Anayejua atasema, na akisema anapona yeye na wengine. Baba anasema kwamba katika miaka yake yote hakuona mtu akiadhibiwa kwa kusema "nimepoteza spana". Walioadhibiwa ni walioficha. Ningependa nyumba zetu ziwe hivyo. Mtoto akivunja kikombe na akaja kusema mwenyewe, anakuta nini kwako? Elisha au fimbo?

Tuendelee na asubuhi. Ile F-5 haijiwashi yenyewe. Lazima iletwe mashine ya hewa, mpira mnene unaunganishwa chini ya tumbo, hewa inasukumwa ndani, injini inaanza kuzunguka, ndipo moto unashika. (Hapa kuna mahubiri mengine kuhusu Roho Mtakatifu, na leo siyaingii, muda hautoshi.) Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini haipati nguvu ile ingepata Mombasa. Waliounda F-5E waliweka mguu wa gurudumu la mbele unaoweza kurefushwa kabla ya kuruka, pua inainuka kidogo na ndege inaondoka lami mapema. Fundi anaangalia kama mguu huo umeinuka. Anaangalia matairi, breki, mafuta yanayovuja. Kwenye mkia kuna parashuti ndogo ya kupunguza mwendo wakati wa kutua, na mtu fulani aliikunja jana jioni kwenye chumba ambacho rubani hajawahi kuingia. Ikifunguka vizuri hakuna anayekumbuka jina lake.

Mwisho kabisa ni zile pini. Ndege ikiwa imesimama inafungwa kwa pini za usalama, za magurudumu, za kiti cha kumrusha rubani, za silaha, na kila pini ina kitambaa chekundu kirefu ili isisahaulike. Fundi anazitoa, anakwenda mbele mahali rubani anamuona, anaziinua juu zote. Rubani anazihesabu kwa macho. Hakuna maneno, injini inapiga kelele mno. Fundi anapiga saluti, ndege inaondoka. Hapo ndipo sikio la baba lilikwenda.

Na kabla ya yote hayo kuna kitabu. Kila ndege ina kitabu chake, na kila kazi iliyofanywa inaandikwa humo na kuwekwa sahihi ya aliyeifanya. Kazi nzito, kama ile inayogusa usukani, ilihitaji sahihi mbili, ya aliyefanya na ya mwingine aliyekagua kwa macho yake. Rubani anasoma kitabu, anaweka sahihi yake, anapanda. Kwa hivyo yule kijana wa miaka 26 anayepanda pale juu, aliye na mke na mtoto mdogo kule kwota, anapanda juu ya sahihi ya baba yangu. Hana kingine.

Mimi nilisomea biashara chuoni, na mwaka wa tatu tulifundishwa jambo hili kwa maneno makubwa sana. Anayepokea pesa asiwe anayeandika vitabu, anayeandika vitabu asiwe anayekagua. Nilicheka peke yangu darasani kwa sababu nilikuwa nimelisikia mezani nikila ugali. Na baadaye nikalikuta kwa Paulo. Soma 2 Wakorintho 8. Paulo anapeleka mchango wa makanisa kwa ndugu wa Yerusalemu, pesa nyingi. Je, anabeba mwenyewe kwa sababu ni mtume, ana upako, nani atamuuliza? Hapana. Anamtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, na anaeleza sababu bila kuficha: hataki mtu apate la kusema kuhusu mchango huo, anataka mambo yawe safi mbele za Bwana na mbele ya watu pia. Paulo hakuona kwamba kukaguliwa ni kutoaminiwa. Kwa hivyo mkiona sadaka yetu inahesabiwa na watu watatu, na karatasi ina sahihi tatu, msiseme kanisa limekuwa benki. Tunafuata mtume.

Sasa nifike mahali pagumu.

Baba alistaafu jeshi mwaka 2003. Pesa za kustaafu mnazijua zinavyoenda. Akapata kazi ya mkataba kwa kampuni moja ya ndege ndogo za kubeba abiria. Sitaitaja, na msiniulize mlangoni. Siku moja, mwaka uliofuata, ndege ilikuwa inasubiriwa na watalii waliokuwa wamelipa, na kulikuwa na kazi ya nyaya za usukani kwenye mkia iliyofanywa usiku na fundi mwingine. Ilihitaji sahihi ya pili. Baba aliambiwa aweke. Akasema sawa, nifungulie mkia niangalie. Akaambiwa hakuna wakati wa kufungua, yule fundi ni mzoefu, kazi ni nzuri, weka tu. Baba akasema maneno ambayo sisi watoto tumeyasikia mpaka tumeyakariri: "Nikiweka sahihi nimesema nimeona. Na mimi sijaona."

Hakugombana, hakuhubiri. Wakati huo hata hakuwa ameokoka, aliokoka miaka sita baadaye katika mkutano wa injili pale uwanjani. Nikisema hivi kuna wazee wananikazia macho, lakini ni kweli: sahihi ya baba iliokoka kabla ya baba.

Najua mnachongojea. Tumezoea shuhuda. Mnangojea niseme ndege ile iliruka na ikaanguka, na wote wakajua kwamba mzee alikuwa sawa, na mkubwa wa kampuni akaja nyumbani kwetu akilia. Ndugu yangu, ndege haikuanguka. Sahihi iliwekwa na mtu mwingine, watalii wakaenda wakaona simba, wakarudi salama, na yule fundi wa usiku alikuwa kweli amefanya kazi nzuri. Mwisho wa mwezi mkataba wa baba haukuendelea.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Nilirudi nyumbani na sanduku langu, nikamalizia shule ya kutwa. Mama alianza kuuza mboga, sukuma wiki na vitunguu, kutoka saa kumi na moja asubuhi. Kuna usiku nilimsikia akimwambia baba kwamba sahihi haiwezi kupikwa. Baba hakujibu. Akaanza kutengeneza mashine za kusaga unga na pampu za maji, na hiyo ndiyo kazi iliyotulea. Chuo nilienda nikiwa na miaka 24, masomo ya jioni, nikilipa mwenyewe. Kampuni ile haikumuita tena, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia alifanya vizuri.

Nimefikiria sana kama ni sawa kuwasimulia hadithi ambayo haina mlango wa kutokea. Kisha nikasoma Zaburi 15. Daudi anauliza ni nani atakayekaa katika hema la Bwana, na anajibu kwa orodha ya mambo ya kawaida kabisa, mambo ya mdomo na ya pesa. Hakuna kunena kwa lugha pale, hakuna kufufua wafu. Na katikati ya orodha kuna mtu aliyeapa, kisha kiapo kikamletea hasara, na hakugeuka. Daudi hasemi hasara ile ililipwa. Hasemi Mungu alimrudishia mara mbili. Anasema tu kwamba mtu huyo anakaa na Mungu. Wewe ukipewa hilo peke yake, utasema umepunjwa?

Waebrania 11 nayo tunaipenda sana hapo mwanzoni, waliofunga vinywa vya simba na kuzima moto. Tukifika mstari wa 35, katikati, pale anapoanza kutaja wale wengine, tunafunga Biblia. Wale wengine hawakuokolewa na moto. Walikuwa na imani ileile. Nasema hili kwa upole, kwa sababu najua kuna mtu hapa anahudumu kaunti, au kwa ghala, au kwa hospitali, na mkubwa wake amemuwekea karatasi mezani. Nisingependa uende kazini Jumatatu ukidhani ukikataa malaika atashuka. Inawezekana ukapoteza kazi, na mwenzako aliyeweka sahihi akajenga ghorofa. Ujue hivyo kabla, ndipo uamue. Yesu mwenyewe alisema anayejenga mnara akae kwanza apige hesabu.

Lakini pia upige hesabu ya upande wa pili. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua ikinyesha kama hii ya Jumapili, jumba la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi. Zaidi ya watu 50 walikufa, wengine wakiwa wamelala. Mnakumbuka tulivyokaa mbele ya televisheni tukiomba wakati mtoto mchanga alipotolewa akiwa hai kutoka chini ya vifusi baada ya siku kadhaa. Ndege ya baba yangu haikuanguka. Huruma ilianguka. Anayeweka sahihi bila kuona hajui anaweka kwenye ipi kati ya hizo mbili. Hilo ndilo baba alilikataa. Hakuwa nabii wa kujua kwamba nyaya ni mbovu, na kwa kweli hazikuwa mbovu.

Kuna amri ya tisa pia. Tunaifundisha watoto kuwa ni amri ya kutosema uongo, na ni sawa, ila yenyewe inazungumza kuhusu ushahidi, mtu kusimama na kuthibitisha jambo juu ya jirani yake. Sahihi ni ushahidi. Yohana anapoanza waraka wake wa kwanza hasemi ameambiwa habari za Yesu. Anasema wamesikia, wamemtazama, mikono yao imemgusa. Huyo ni fundi aliyefungua mkia akaangalia.

Hapa sasa naomba tujitazame sisi, watu wa madhabahuni. Tunapenda shuhuda, na tuendelee kuzipenda. Lakini mtu akija mbele akasema amepona sukari, na kabla hajamaliza kipaza sauti kinachukuliwa na tunapiga makofi na tunatangaza mtaa mzima, sisi tumeweka sahihi. Tumeona? Angalia Yesu alivyofanya na wale wenye ukoma kumi katika Luka 17. Aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Kuhani ndiye aliyekuwa mkaguzi, Walawi 13 inaeleza jinsi alivyotakiwa kuangalia ngozi na kurudia kuangalia. Yesu aliyeponya kwa neno lake alikubali kazi yake ikaguliwe, na wakiwa njiani wakatakasika. Kwa hivyo mama, ukiombewa na ukahisi nafuu, Mungu asifiwe, rudi kliniki upimwe. Usiache dawa kwa sababu ya makofi yetu. Daktari akisema sukari imeshuka, njoo na karatasi yako, nitakupa dakika kumi nzima Jumapili.

Na hii inanileta kwa roshani.

Kila wiki mnaniuliza, kwa sababu mimi ndiye katibu wa kamati ya ujenzi. Roshani imekamilika, rangi imepakwa, viti vimepangwa, kwa nini mlango umefungwa kwa kufuli? Kongamano la mwaka ni wiki tatu zijazo, wageni watakuja kutoka matawi yote, chini hapatoshi. Wengine mmesema kwa uchungu kwamba mlitoa pesa zenu na hamjawahi kukanyaga pale. Mko na haki ya kuuliza.

Jibu ni hili. Zege linapomwagwa, vipande vyake huchukuliwa vikapimwe maabara, kwa kawaida baada ya siku 7 na tena baada ya siku 28, vibanwe mpaka vivunjike ili ijulikane vinabeba uzito gani. Majibu ya boriti mbili za upande wa mashariki hayajatufikia. Labda ni karatasi tu zimechelewa. Mkandarasi anasema zege ni zuri, na ni ndugu tunayemheshimu. Mhandisi anasema hataweka sahihi bila majibu. Kamati imeletewa fomu ya kuomba tufungue kwa muda, kwa siku hizo nne tu za kongamano, na inahitaji sahihi yangu.

Sijaona majibu. Nimemweleza Mchungaji Mkuu na amekubaliana nami, na wazee wameafiki Jumanne. Roshani haitafunguliwa kwa kongamano. Tutakaa kwa hema. Itatugharimu, maana hema kubwa na viti vya kukodi si bei ndogo, na mweka hazina ameshanionyesha hesabu mara mbili, ya pili akiwa amekunja uso. Mwenye hema, au anayejua mtu mwenye hema, aongee na ofisi kabla ya Ijumaa. Kama kuna boriti na zege lake ni nzuri kuliko la Sulemani, tutafurahi kulijua wakati majibu yatakapofika, na tutapanda roshani tukiimba.

Jumamosi hii saa mbili asubuhi tutakutana uwanjani upande wa nyuma, pale mafundi walikuwa wanakatia mbao na chuma. Hapo ndipo hema la watoto litasimama, na kuna misumari na vipande vya waya kila mahali, watoto wanatembea na ndala. Tutapanga mstari bega kwa bega, kutoka ukuta mpaka ukuta, wazee na vijana, wachungaji na wapiga ngoma, na tutatembea polepole tukiangalia chini. Njoo na ndoo na viatu vilivyofunikwa. Baba yangu amesema atakuja, na ameomba asimame kwenye mwisho wa mstari upande wa kulia, ili anayemsemesha awe kushoto kwake.